Kuachia kitufe si kuzima



Kila mvua zinapokaribia, foleni huhama kutoka duka la pembejeo kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Plau limekatika, tela la pawatila limepasuka kwenye kiungo, mkokoteni umeachana na ekseli yake, mlango wa ghala haufungi. Kwa hiyo usishangae afisa ugani akiacha mbolea leo na kuandika kuhusu kuchomelea vyuma. Karakana ya kijiji ni sehemu ya kilimo kama lilivyo duka la mbegu, na kuna kitu kipya kinaingia humo ambacho naona tunakipokea kizembe.

Kitu chenyewe ni kisanduku cha kulisha waya. Wengi tumezoea kuchomelea kwa rodi: fundi anabana rodi kwenye mshikio, anagusa chuma, rodi ikiisha anabana nyingine. Kwenye kisanduku hiki rodi haipo. Mahali pake kuna bobini ya waya mwembamba, mota ndogo, na rola zinazousukuma waya kupitia bomba refu hadi kwenye tochi aliyoshika fundi. Akibonyeza kitufe cha tochi waya unatoka na kuyeyuka, akiachia unasimama. Kuna mashine ambazo vyote hivi vimo kwenye boksi moja, na kuna zile ambazo kisanduku ni kifaa cha pembeni, kinachounganishwa na mashine mama kwa nyaya zake. Nazungumzia zaidi hizi za pili, ingawa mengi yanazihusu zote.

Sikipingi kisanduku. Bati jembamba halitobolewi ovyo, kazi inakwenda upesi, na kijana anajifunza haraka kuliko kwa rodi. Ninachopinga ni imani kwamba, kwa kuwa ni kidogo na kinabebeka kama sanduku la nguo, basi na hatari yake ni ndogo. Na nitasema jambo ambalo wateja wengine halitawapendeza: sehemu kubwa ya hatari hiyo tunaileta sisi tunaosimama mlangoni tukisema "fundi, fanya chapuchapu, nawahi gulio."

Nieleze kwa nini.

Mota na vitufe vya kisanduku hutumia umeme mdogo, mara nyingi chini ya volti 50, unaotoka kwenye mashine mama. Muuzaji akikwambia hivyo hakudanganyi. Lakini ndani ya kisanduku hichohicho unapita umeme mwingine, ule wa kuchomelea. Mashine ikiwa imewashwa na tochi haijagusa chuma, umeme huo huwa kati ya volti 50 na 90 kwa mashine nyingi. Fundi anapobonyeza kitufe, si ncha ya waya peke yake inayokuwa na umeme. Ni waya wote, mpaka ule uliobaki kwenye bobini, pamoja na rola na kila chuma kinachougusa. Kijana aliyefungua mlango wa kisanduku arekebishe bobini wakati mwenzake ameshika tochi, ameingiza mkono kwenye umeme wa kuchomelea, na usalama wake wote unategemea kidole cha mtu mwingine.

Kuna mtu atasema volti 80 si kitu, nyumbani tuna 230. Ngozi kavu ya mtu aliyevaa viatu vizuri kweli inazuia umeme kiasi. Sasa mfikirie fundi wetu saa nane mchana, jasho limelowanisha shati na glovu, amepiga magoti juu ya udongo wenye maji au amejiegemeza kwenye fremu ya tela la chuma. Kinga ya ngozi imekwisha. Umeme wa kuchomelea umeua watu katika hali hiyohiyo, na viwango vya kimataifa vya mashine hizi vinaweka kikomo kikali zaidi kwa kazi za mahali penye unyevu au pa kubanana katikati ya vyuma. Wala usitegemee ile swichi ya ukutani inayokata umeme unapovuja. Hata kama unayo, hiyo inalinda upande unaotoka kwenye mita. Upande wa kuchomelea umetenganishwa nao ndani ya mashine, na swichi haioni kinachotokea huko.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kisanduku hakifunguliwi, bobini haibadilishwi, rola haziguswi, tochi haifunguliwi na waya wa kuunganisha hauchomekwi wala kuchomolewa mpaka mashine mama izimwe na plagi yake itolewe ukutani. Kuachia kitufe si kuzima. Kuzima swichi ya kisanduku peke yake, kama kinayo, pia si kuzima. Umeme wa kuchomelea unatoka kwenye mashine mama, na unakatwa hukohuko.

Hili lina uzito zaidi kwa aina moja ya kisanduku. Kipo kinachopata umeme wake kutoka kwenye umeme wa kuchomelea wenyewe. Utakitambua kwa waya mdogo wenye kibano kidogo kinachobanwa kwenye chuma kinachofanyiwa kazi. Mafundi wanakipenda kwa sababu kinaweza kufungwa hata kwenye mashine ya rodi inayotoa umeme wa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba mashine ya rodi haisubiri kitufe. Ikiwashwa, umeme upo. Kama kisanduku hakina swichi yake ya ndani ya kuukata, waya una umeme muda wote, kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Fundi aliyehama kutoka aina moja kwenda nyingine bila kuambiwa hili anaendelea kushika waya kwa mkono kama alivyozoea. Kabla ya kununua kisanduku cha namna hiyo, muulize muuzaji swali moja tu: kitufe kikiachiwa, waya una umeme au hauna? Akibabaika, ondoka.

Sasa nije kwenye neno ambalo naamini linatuponza kuliko vyote, neno "ethi". Karakanani, kile kibano kikubwa kinachobanwa kwenye plau au tela mafundi wanakiita ethi. Ukiuliza "mashine yako ina ethi?" fundi anakuonyesha kibano. Hapana. Kibano kile ni njia ya kurudishia umeme wa kuchomelea kwenye mashine, basi. Ethi yenyewe ni ule waya wa tatu kwenye plagi, wa kijani na njano, unaokwenda mpaka kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Kazi yake ni kwamba umeme wa volti 230 ukivuja na kugusa boksi la mashine, upite ardhini na fyuzi ikatike, badala ya kumsubiri fundi aguse. Ni vitu viwili, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine. Kwa sababu tumevipa jina moja, karakana nyingi zina kibano na zinajiona zina ethi. Wakati huohuo pini ya tatu ya plagi imekatwa ili iingie kwenye ekstensheni, au fimbo ya ardhini imeng'olewa ikauzwa chuma chakavu.

Mimi ningependa tuanze kukiita kibano "kibano cha kurudishia", ili mtu akisema ethi tujue anasema nini. Kwenye vikundi vyangu nimeanza kusema hivyo, na vijana wananicheka, lakini wanaelewa.

Kisanduku kinaongeza ugumu hapo. Ndani yake, bobini na rola zimetenganishwa na boksi kwa vipande vya plastiki ngumu. Si mapambo. Vinazuia umeme wa kuchomelea usiingie kwenye boksi lenyewe. Kipande kikivunjika, fundi wetu mbunifu anachonga cha chuma au anapachika bolti. Kisanduku kinafanya kazi vizuri kabisa, ila sasa boksi lote lina umeme kila kitufe kinapobonyezwa. Kikigusa tela, mkondo mkubwa unaweza kurudi kupitia njia isiyo yake, ukaunguza hata waya wa ethi ambao haukujengwa kubeba mzigo huo. Plastiki iliyovunjika hubadilishwa kwa plastiki ya aina yake. Kama kipuri hakipo wilayani, kisanduku kikae kabatini mpaka kipatikane. Vilevile kisitundikwe kwa ndoano ya chuma kwenye kenchi ya bati wakati wa kazi, isipokuwa kama sehemu ya kutundikia imetengenezwa ikiwa na kizuizi cha umeme.

Kibano cha kurudishia nacho kina mahali pake: karibu kabisa na pale panapochomelewa, kwenye chuma kilichokwanguliwa kutu na rangi. Nimeona kibano kimebanwa kwenye fremu ya pawatila huku fundi akichomelea bomba la mshikio upande wa pili, umeme ukalazimika kutafuta njia kupitia ekseli na bearingi. Bearingi zinapitishiwa mkondo, zinapata vidonda vidogo usivyoviona, na baada ya wiki chache mwenye pawatila analalamika kwamba imeanza kupiga kelele. Anamlaumu muuzaji. Ukipeleka trakta au pawatila yenye betri, betri ifunguliwe kwanza.

Umeme wa ukutani. Hapa nitapiga hesabu kidogo maana ndipo pesa za kikundi zinapopotelea. Kuchomelea kwa ampea 200 kwa waya kunahitaji karibu volti 24 kwenye ncha. Zidisha: wati 4,800, kabla ya kuhesabu kinachopotea ndani ya mashine kama joto. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba wati 2,990. Hesabu haikubali. Kinachofuata ni plagi kuyeyuka, au mtu kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ili "isisumbue". Mashine ya namna hii inahitaji laini yake, swichi yake na nyaya nene, zilizowekwa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Ekstensheni ikilazimika kutumika, inyooshwe yote. Ikiachwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake huku inabeba mzigo, inajipika yenyewe kwa ndani.

Na swichi hiyo iwekwe mahali ambapo mtu yeyote, hata mteja, anaweza kuifikia bila kuruka nyaya. Fundi akinaswa na umeme usimshike. Zima kwanza. Ukishindwa kufikia swichi, msukume atoke kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama ameamka anacheka na kusema yuko salama. Moyo unaweza kuleta shida baadaye.

Yapo mambo ya mkono na jicho. Waya unaotoka kwenye tochi una ncha kama sindano na unasukumwa na mota isiyojua nyama na chuma. Wakati wa kuupitisha kwa mara ya kwanza, tochi isielekezwe usoni, tumboni wala kiganjani, na hakuna kuchungulia mdomo wa tochi kuona kama waya umefika. Visanduku vingi vina kitufe cha ndani kinachosukuma waya bila kuupa umeme wa kuchomelea. Hicho ndicho cha kutumia kuupitishia waya, na mlango wa rola ukiwa umefungwa. Rola na gia zinavuta kidole kirahisi, glovu zikivutwa ndiyo balaa zaidi. Bobini mpya nayo ni kama springi: ukiachia ncha ya waya kabla ya kuiingiza kwenye rola, inafumuka na kuruka, na macho ndiyo yanayokuwa karibu.

Wapo wanaotumia waya unaohitaji gesi na wanaotumia ule wenye dawa ndani usiohitaji mtungi. Kwa kijijini, nje kwenye upepo, huu wa pili unafaa zaidi kwa sababu upepo unapeperusha gesi na kazi inatoka na matundu kama andazi. Lakini waya huu wa bila gesi kwa kawaida unataka tochi iunganishwe upande wa hasi, na ule wa gesi upande wa chanya. Kubadilisha kunafanyika kwa kuhamisha nyaya kwenye mashine, na hapo tena: zima, toa plagi, ndipo uhamishe. Nyaya hizo zikazwe sawasawa, maana kiungo kilicholegea hutoa cheche na kuyeyuka. Wenye mitungi, isimame wima, ifungwe kwa mnyororo. Ukichomelea ndani ya tangi au shimo, gesi hizo zinajaa chini na kusukuma hewa nje bila harufu ya kukuonya.

Moshi nao tusiuchukulie poa. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Waya wa bila gesi una moshi mwingi, hivyo karakana iwe na pande mbili wazi, na fundi asiweke kichwa juu ya moshi. Mabati na mabomba yenye rangi ya fedha yamepakwa zinki. Ukiyachomelea bila kuiondoa, saa kadhaa baadaye fundi anatetemeka, ana homa na viungo vinauma. Anakwenda kununua dawa ya malaria bila kupima, kumbe ni zinki. Maziwa ambayo mafundi wanakunywa kabla ya kazi ni chakula kizuri, na mimi kama mtu wa kilimo nafurahi yakinywewa, ila hayazuii chochote kwenye mapafu.

Na hili naomba ulichukue kwa uzito wote kwa sababu linatoka shambani kwetu. Usimpelekee fundi pipa lililokuwa na dizeli, petroli au kiuatilifu alikate awe na ndoo ya maji au jiko. Pipa "tupu" limejaa mvuke. Linaweza kulipuka, na mabaki ya sumu yakipashwa moto yanatoa moshi wenye sumu. Fundi akikataa pipa lako, mshukuru.

Kwa sababu umeme mkubwa upo kwenye mashine ya kusaga, vijana wengi wanaomba kona kwenye banda hilohilo. Naelewa, kuvuta laini ni gharama. Lakini vumbi la unga likitanda hewani linawaka kwa mpigo, pumba na magunia yanashika moto na kuufukuta kimyakimya, na vumbi la chuma kutoka kwenye jiwe la kunolea linaingia kwenye feni ya mashine na kuiua. Ukuta wa matofali katikati, kila upande na mlango wake, ndiyo kiwango cha chini ninachoweza kukubaliana nacho.

Sasa turudi kwetu wateja. Kutoa plagi, kusubiri kidogo, kufungua, kubadilisha bobini, kufunga na kuwasha, vinamchelewesha fundi dakika chache tu. Fundi anayelipwa kwa kipande, akiwa na watu sita mlangoni wanaonung'unika, ataziruka. Mimi na wewe tungeziruka. Kwa hiyo ukimkuta fundi amezima mashine na amefungua kisanduku, usimpigie kelele, na usimtanie kwamba umeme umemshinda. Kaa mbali kidogo na usiutazame mwale kwa macho matupu. Zaidi ya yote ondoa watoto. Mwale huo huunguza macho hata kwa muda mfupi, na usiku mtoto analia kama aliyemwagiwa mchanga. Huo ni mwendo wa kituo cha afya, wala si wa kumdondoshea maziwa au maji ya majani machoni.

Kuna hoja nimeisikia zaidi ya mara moja: fundi wetu ana miaka 20 kazini na hajawahi kupata ajali. Inawezekana kabisa. Lakini miaka hiyo alikuwa na rodi, na kwa rodi mkono wake ulijua kilipo kitu chenye umeme: kipo mbele yake, kwenye mshikio. Kisanduku kimeupeleka umeme huo mahali pengine, mita kadhaa nyuma yake, ndani ya boksi lenye mlango ambao mtoto wa dada yake anaweza kuufungua. Uzoefu wa rodi haumfundishi hilo. Siku chache za mafunzo VETA au kwa wataalamu wa SIDO zinaweza kumfundisha, na kikundi kinaweza kumlipia nauli.

Kwa vikundi vinavyoandika andiko la mradi kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ushauri wangu ni huu. Bei ya mashine na kisanduku isiwe mstari wa kwanza na wa mwisho. Wekeni humo laini ya umeme na fimbo ya ethi, nyaya nzima zisizo na viraka, kofia ya kuchomelea kwa kila anayechomelea na moja ya msaidizi, glovu za ngozi kavu jozi mbili ili moja ikilowa jasho iwepo nyingine, vipande vya plastiki na rola za akiba, na mafunzo ya mtu mmoja au wawili. Kama fedha hazitoshi, kateni kisanduku na mbaki na mashine ya rodi kwa msimu mmoja. Plau linaungika vizuri kwa rodi.

Andikeni pia jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kufungua kisanduku. Huyo akae na plagi mfukoni kihalisi: anapofungua, plagi iwe mkononi mwake au mbele ya macho yake, ili asitokee mwingine wa kuichomeka akidhani anasaidia. Kifuniko cha mashine mama yenyewe asikifungue hata yeye. Humo ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima, na hiyo ni kazi ya fundi wa mashine hizo, mjini.